Shule imehama, majengo yamebaki ufukweni: mtaa unaweza kuyatumia?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kwenye mtaa mmoja wa mwambao, Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza. Shule yetu ya msingi ilihamishiwa majengo mapya ng'ambo ya barabara baada ya maji ya Ziwa Victoria kufika uwanjani mwaka 2020 na kurudi tena 2024. Huku chini yamebaki madarasa sita, ofisi, nyumba ya mwalimu na vyoo. Tunataka mahali pa kulelea watoto mchana mama zao wakiwa mwaloni (wavuvi wanakoshushia samaki), chumba cha kliniki, chumba cha cherehani, na uwanja tuanikie dagaa. Mwenyekiti wa mtaa ametupa barua ya ruhusa yenye muhuri. Lakini ofisa mmoja wa ardhi anasema haiwezekani, eneo "limepangwa elimu". Tumsikilize nani, na tuanzie wapi?

Jibu: Dada Katibu, majengo hayo yanaweza kutumika, na ofisa aliyewaambia "haiwezekani" alifupisha mno. Lakini na barua ya mwenyekiti nayo haina nguvu mnayoidhania. Nianze na barua, maana ndiyo inayoweza kuwatia hasara kabla hamjafika hata kwenye suala la ramani.

Kijiji na mtaa kwa macho ni kitu kilekile: mwenyekiti, muhuri, mkutano chini ya mti. Kisheria vimeachana mbali. Halmashauri ya kijiji ina nafsi yake kisheria. Inamiliki mali, inaingia mikataba, inashitaki na kushitakiwa, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji na kuigawa kwa idhini ya mkutano mkuu. Mtaa hauna nafsi hiyo. Ni ngazi ya utawala ndani ya manispaa. Mwenyekiti wenu anaweza kuitisha mkutano, kuwatambulisha ofisini na kuthibitisha kwamba ninyi ni wakazi wake. Kuwakabidhi jengo la halmashauri hawezi, hata akipiga mihuri mitatu. Kumbukeni pia kwamba wenyeviti waliopo walichaguliwa Novemba 2024 kwa kipindi cha miaka mitano. Akiingia mwingine asiyewapenda, hiyo barua mtaishika tu mkononi.

Najua wazee watasema shule ni yao, na hawasemi uongo. Shule nyingi za ukanda wa ziwa zilijengwa miaka ya sabini, baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Wananchi walifyatua matofali, walibeba mawe na mchanga, na eneo lilitolewa na familia moja au mbili kwa neno la mdomo mbele ya mwenyekiti wa wakati huo. Baadaye mji ukapanuka, vijiji vikageuzwa mitaa, na mali za umma zilizokuwa chini ya vijiji zikaingia mikononi mwa halmashauri ya mji. Kwa hiyo mwenye majengo leo ni Halmashauri ya Manispaa. Anayesaini kwa niaba yake ni Mkurugenzi, akiwa na uamuzi wa Baraza la Madiwani nyuma yake.

Ile familia iliyotoa eneo msiidharau. Shule ikiwa na watoto hakuna anayenyanyua mdomo. Ikifungwa milango tu, wajukuu wanatokea na habari kwamba babu alitoa shamba kwa ajili ya shule, na kwa kuwa shule haipo, shamba lirudi. Mahakamani madai hayo ni dhaifu, kwa sababu Sheria ya Ukomo wa Madai inampa mtu miaka 12 tu ya kudai ardhi, na shule imekaa hapo miongo. Lakini udhaifu wa madai haumzuii mtu kuchimbia nguzo za uzio usiku, wala kufungua shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba likawasumbua mwaka baada ya mwaka. Nendeni kwao mapema, kwa adabu, kabla hamjaandika chochote. Waombeni waje kwenye mkutano wa mtaa waseme wenyewe kwamba eneo lilitolewa kwa huduma za jamii na liendelee kuwa la jamii. Yaandikwe kwenye muhtasari, wasaini. Nimeona miradi mizuri ikifa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Jambo la pili ni kuhakikisha shule imefungwa kweli. Wanafunzi kuhama hakumaanishi idara ya elimu imeyaachia majengo. Huko Japani, ambako watoto wamepungua, shule mamia hufungwa kila mwaka na wizara yao ya elimu ina mpango maalumu wa kuziunganisha na watu wanaotafuta majengo. Chicago nako walifunga shule zipatazo 50 mwaka 2013, na majengo mengi yakakaa miaka bila kazi. Kwetu ni kinyume. Tangu ada na michango ilipofutwa Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, madarasa yamefurika, na sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Mwanza na watu karibu milioni 3.7. Ofisa elimu anayeona madarasa sita matupu anafikiria shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama, kwa ajili ya watoto wadogo wasioweza kuvuka barabara, na huwezi kumlaumu. Mtafuteni yeye wa kwanza, kabla ya mtu wa ardhi. Mkipata barua yake kwamba idara ya elimu haina mpango na majengo hayo kwa kipindi fulani, mmefika nusu ya safari. Msipoipata, kila kikao kitawauliza ilipo.

Sasa hilo la "kupangwa elimu". Kwenye mchoro wa mipango miji kila kiwanja kimepewa matumizi yake: makazi, biashara, elimu, afya, ibada, maeneo ya wazi na mengineyo. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango bila kibali cha mamlaka ya upangaji, na mamlaka hiyo hapo kwenu ni halmashauri ileile yenye majengo. Si lazima mbomoe ukuta ndipo muhesabike mmeendeleza. Kugeuza darasa kuwa kitu kingine, hata bila kugusa tofali, kunahitaji kibali. Hapo ofisa yuko sahihi. Alichoacha kuwaambia ni kwamba matumizi ya kwenye mchoro hubadilishwa kila siku, kuna utaratibu wake, na kwamba matumizi hayalingani uzito. Kanuni za mwaka 2018 zimeyapanga katika makundi na madaraja. Kadiri mnavyokaa jirani na matumizi ya awali ndivyo hoja yenu inavyokuwa nyepesi. Malezi ya watoto ni ndugu wa damu wa shule. Kliniki na mafunzo ni huduma za jamii, zinatetewa bila shida. Dagaa ni jambo jingine, nitalifikia.

Ombeni kuona mchoro wenyewe. Msiridhike na maneno ya dirishani. Nendeni ofisi ya mipango miji ya manispaa mkiwa na jina la mtaa, na ikiwezekana alama za eneo mlizochukua kwa simu mkisimama kwenye kona zake nne, mwulize mambo mawili. Kwanza, eneo limo kwenye mchoro ulioidhinishwa au bado? Pili, lina hati? Shule nyingi za umma hazina hati mpaka leo, na kwa jambo lenu hilo si baya. Likiwa halina hati, mnashughulika na mchoro na kibali cha halmashauri peke yake. Likiwa na hati, masharti ya hati nayo yana neno lake. Kubadili matumizi kutapita kwenye vikao vya halmashauri kisha kwenda kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa, na tangazo litatolewa ili majirani wenye pingamizi walete. Na mwombaji wa mabadiliko hayo ni mmiliki, yaani Mkurugenzi. Kikundi chenu hakiwezi kuomba kubadili matumizi ya kiwanja kisicho chake. Watu wengi hukwama hapa, wanajaza fomu kwa jina la kikundi na fomu inarudi.

Tuje kwenye ziwa, ambalo kwa kweli ndilo litakaloamua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufuko, ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa. Swali linalofuata ni mita 60 kutoka wapi, kwa sababu ufuko wenu hautulii. Baada ya mvua kubwa za 1961 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili ndani ya miaka michache, likafika kilele chake mwaka 1964. Wazee wa mwambao bado wanazitaja mvua hizo kwa jina la uhuru. Rekodi ile ilivukwa Mei 2020, na Mei 2024 maji yakapanda zaidi ya hapo. Mimi ningepima kuanzia alama ya juu kabisa maji yalipofika 2024, hata kama leo yamerudi nyuma hatua mia. Chukueni futi kamba ya mafundi, mpime hadi ukuta wa kila jengo, muandike. Madarasa yaliyo ndani ya mita hizo yasahauni. Kuwa yamesimama hapo tangu miaka ya sabini hakuwapi haki ya kuanzisha jambo jipya ndani yake, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ofisi zake ziko hapohapo Mwanza. Huenda katika madarasa sita mkabaki na matatu ya upande wa juu. Matatu yenye kibali ni bora kuliko sita ya wasiwasi.

Kisha yakagueni hayo yaliyobaki, bila kusubiri injinia. Anzeni na ukuta ulio upande wa maji, kimo cha goti. Pitisheni kidole. Plasta ikidondoka unga mweupe, unyevu umepanda kutoka kwenye msingi na kuacha chumvi, na rangi mpya mtakayopaka itabambuka kabla ya masika kwisha. Angalieni kona za madirisha chini ya lenta. Ufa mwembamba wa plasta ni wa kawaida. Ufa unaoshuka mshazari hadi chini, unaoingiza sarafu ya shilingi mia, maana yake upande mmoja wa msingi umetitia, na chumba hicho kisiingie mtoto mpaka injinia wa manispaa aseme. Pandisheni kijana darini aguse kenchi kwa bisibisi; mchwa hupenda majengo yasiyo na watu. Na kama paa ni la karatasi za zamani za kijivu zenye asbesto, msizipasue wala kuzipiga msumari. Vumbi lake linaua mapafu taratibu, na kuziondoa kuna utaratibu wake unaosimamiwa na watu wa mazingira.

Vyoo vya shimo vilivyoingiwa na maji ya ziwa, kwa maoni yangu, vifungwe. Ufukweni kwetu kipindupindu si hadithi. Andikeni kwenye maombi kwamba mtajenga vipya upande wa juu. Kiwango cha shule ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, nanyi hamtakuwa na watoto wengi hivyo, ila matundu ya watoto wadogo sana lazima yawe madogo, na hilo ofisa ustawi atalitazama.

Katika yote mliyoyataja, kulelea watoto ndilo la kuliweka mbele. Lina mlango wake rasmi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake zinatambua vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na usajili unaanzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa manispaa. Serikali yenyewe ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa hiyo mnapoomba mnasukuma mlango ambao tayari umefunguliwa kidogo. Watataka kuona uzio, na kwenu uzio si urembo. Mtoto wa miaka mitatu aliyetoka mlangoni hana dakika nyingi kabla hajafika majini, achilia mbali kichocho. Angalizo moja: mkianza kuwapanga watoto kwa madarasa na kuwafundisha silabi kwa ratiba, mmefungua shule ya awali, na hiyo inasajiliwa na wizara ya elimu kwa masharti mengine kabisa. Michezo, uji, usingizi wa mchana. Baki hapo kwanza.

Kliniki nawashauri mpunguze neno. Mkiandika "zahanati" mtaulizwa chumba cha kujifungulia, shimo la kondo la nyuma, kichomea taka, maji ya uhakika, nyumba ya mhudumu. Darasa halina hata kimoja, na kulikatakata vyumba kunahitaji kibali cha ujenzi. Ombeni huduma za mkoba. Muuguzi anakuja siku maalumu na mizani, chanjo na madaftari, mama na mtoto wanahudumiwa, jioni anaondoka na vifaa vyake. Mnachotakiwa kutoa ni chumba safi, meza, maji ya kunawa na kivuli cha kusubiria. Mganga Mkuu wa Manispaa anaweza kukubali kwa barua moja.

Cherehani hazina tatizo mkifundishana wenyewe kwa wenyewe. Mkipokea wanafunzi kwa ada na kutoa vyeti mtatafutwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Mkiuza sare kwa wingi mtadaiwa leseni ya biashara.

Na dagaa? Najua kwa nini mmeutaja huo uwanja: hauna mawe, unapata jua asubuhi mpaka jioni, na kuanika mchangani kunashusha bei. Lakini vichanja vya dagaa ni uchakataji wa mazao ya uvuvi, hauingii kwenye huduma za jamii. Utaleta harufu, nzi na malori mahali pa watoto wachanga, na uwanja wenyewe ndio uliofikiwa na maji, kwa hiyo upo ndani ya zile mita 60. Mkiuacha kwenye maombi, kamati itashika hilo moja na kuyaangusha yote. Litoeni, mlipeleke peke yake kwa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) na ofisa uvuvi, muombe nafasi ya vichanja kwenye mwalo unaotambuliwa. Najua mtakasirika. Mama mmoja wa kikundi kingine alinijibu kwamba bila dagaa hakuna ada ya kumlipa mlezi wa watoto. Ni kweli, na ndiyo sababu nasema mliombe kando badala ya kulipoteza.

Mlolongo wa vikao ni huu: mkutano wa mtaa na muhtasari wake, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Mkurugenzi, wakuu wa idara, kamati ya mipango miji, kamati ya fedha, na mwisho Baraza la Madiwani. Baraza kamili huketi kila robo mwaka, kwa hiyo mkikosa karatasi moja mmepoteza miezi mitatu. Diwani wenu ajue jambo hili tangu siku ya kwanza, asilisikie kikaoni.

Nini hasa muombe? Wengi huandika "tunaomba tupewe" au "tupangishwe". Kupewa haiwezekani, ni mali ya umma. Kupangishwa kunafungua ushindani: halmashauri ikipangisha mali yake inatakiwa itangaze, na akija mwenye fedha anayetaka ghala au ukumbi wa sherehe atawapita kwa bei. Tena kikundi chenye cheti cha maendeleo ya jamii kinatosha kwa mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, lakini kwa mkataba wa pango wa miaka mingi mtatakiwa muwe chombo chenye nafsi kisheria, kwa mfano wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Mimi ningeomba hati ya makubaliano na halmashauri: majengo yabaki yake, kituo kiwe chini ya idara ya maendeleo ya jamii na ustawi, kikundi kiwe mwendeshaji kwa miaka mitano, na kiandikwe kifungu kinachosema idara ya elimu ikiyahitaji itatoa taarifa ya miezi sita. Kifungu hicho kinawatia hofu, najua. Lakini ndicho kitakachomfanya ofisa elimu asaini, na kinawalinda msitolewe kwa siku moja. Ongezeni kingine: matengenezo mtakayofanya yaorodheshwe na yathaminiwe na injinia kila mwaka, ili mkiondolewa kuwe na kitu cha kuzungumzia.

Halafu kuna ile nyumba ya mwalimu, ambayo umeitaja kwa neno moja ukapita. Kama yupo mtu anaishi humo, awe mwalimu, mlinzi au jamaa wa mtu, pateni jina lake na aliyemruhusu kabla ya mkutano wa mtaa. Isipokuwa na mtu, iombeni kwa ajili ya mlinzi, na muiandike kwenye makubaliano kama jengo linalojitegemea. Mabati na milango ya shule iliyohama huanza kupungua usiku, na halmashauri itakapokuja kukabidhi itataka hesabu ya vilivyokuwepo. Pigeni picha za kila chumba wiki hii, na mumpe nakala mtendaji wa mtaa.